Watoto wa Wabanguaji

Mama yangu alimpokea mwanangu kupitia dirisha la gari, kabla sijashuka. Alimtazama usoni, akamgeuza, akambonyeza mapaja kama anayechagua mihogo gengeni, ndipo akaitikia shikamoo yangu.

"Marahaba, mama. Mbona mwepesi hivi? Huko Dar mnamlisha upepo?"

Nilicheka, lakini neno lile lilinichoma. Tulikuwa tumetoka Dar es Salaam kwa barabara ya kusini, tumelala Lindi, tumekwama mchangani kabla ya Nanganga, na njia nzima mtoto alikuwa mapajani kwangu, ananyonya na kutapika, anatapika na kunyonya. Mbele walikaa dereva na mwongozaji wa filamu. Nyuma nilikaa mimi, mwanangu, na masanduku ya vifaa. Kikundi chetu kilikuwa kidogo: mwongozaji alishika kamera mwenyewe, mimi nilishika maikrofoni na kuvaa hedifoni. Kazi yangu ilikuwa kusikia.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Viwanda vikubwa vya korosho vilikuwa vimefungwa, nyasi zimepanda hadi madirishani, na wanunuzi binafsi walikuwa wanaingia na malori yao kila msimu. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi, akawa anashinda Kariakoo akijaribu biashara hii na ile. Msichana aliyekuwa ananisaidia kulea naye aliondoka asubuhi moja kwenda kuuza mitumba, bila kuaga, na simlaumu. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba tunakwenda Masasi kutengeneza filamu juu ya akina mama wafanyakazi na mahali wanapowaacha watoto wao, sikuuliza lolote kuhusu filamu. Niliuliza kama gari linaweza kufika Newala, kwa mama yangu.

"Litafika," mwongozaji alisema. "Tena wewe mwenyewe unaweza kuwa mfano wetu."

Alikuwa anatania. Mimi sikutaka kuwa mfano wa mtu yeyote. Nilitaka mtu wa kumshika mtoto.

Pale uani nilianza kutoa maagizo. Maji yachemshwe. Uji usiwe mzito. Akikohoa apelekwe zahanati, asisubiriwe. Mama alinisikiliza huku anamfunga mjukuu wake mgongoni, akakaza fundo la khanga kifuani, akasema, "Nimezaa, nimelea, nimezika. Nenda kazini."

Nikiwa naondoka niliona mapipa ya maji mlangoni yamelazwa ubavu. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu wiki iliyopita, mashine ya kuyasukuma imeharibika huko mabondeni, na Newala nzima ilikuwa imerudi kushuka ukingo wa uwanda hadi bondeni, na ndoo kichwani kama zamani. Nilichungulia dirishani.

"Mama, ukienda majini utamwacha na nani?"

"Nitajua mwenyewe."

Dereva aliondoa gari. Njia yote ya kuteremka kutoka uwandani hadi Masasi nilikuwa naligeuzageuza jibu lile, na kila nilipoligeuza liliniongezea hofu.

Banda la kubangulia korosho lilikuwa nyuma ya duka la tajiri mmoja, chini ya moja ya yale majabali ya Masasi. Wanawake walikaa chini kwa safu, miguu imenyooshwa juu ya magunia, kila mmoja na jiwe lake la kupondea juu na la kuwekea chini. Korosho zilikaangwa kwanza kwenye pipa lililokatwa, upande mmoja wa banda, na mafuta ya maganda yalipochemka moshi wake uliwasha macho na koo. Mafuta hayo yanababua ngozi. Wanawake walijipaka majivu viganjani kabla ya kuanza, na bado vidole vyao vilikuwa vyeusi na vimechubuka. Nilipovaa hedifoni nilisikia mlio mmoja mkubwa, ta-ta-ta-ta, kama mvua ya mawe juu ya bati. Haukukatika tangu asubuhi hadi jua lilipoinama.

Msimamizi wa banda alikuwa kijana mpole, shati limechomekwa vizuri. Alitueleza kwamba watoto hawaruhusiwi ndani kwa sababu ya lile pipa. Wanawake wenyewe walimuunga mkono. Msimu uliopita mtoto alikuwa ameungua mkono, na hakuna aliyetaka kuona tena jambo kama lile. Basi watoto walikaa kwa bibi mmoja, nyumba yake iko ng'ambo ya shamba la mihogo. Kila mama alimpelekea unga kidogo, naye akawapikia uji na kushinda nao hadi jioni. Mlango wa chumba chao aliutundikia kitenge, ili walale bila nzi.

Katika wabanguaji wale mwongozaji alimpenda mmoja tangu siku ya kwanza. Wote walimwita Mama Mapacha. Alikuwa Mmakua wa upande wa Lulindi, mwembamba, mikono yake ina kasi ya ajabu. Mumewe alikuwa amekwenda Tunduru kwenye machimbo ya vito tangu mapacha hawajatambaa, na tangu hapo zilizokuja ni salamu tu, nazo kupitia midomo ya watu. Mapacha wenyewe, wa kiume na wa kike, walikuwa wameshaanza kukimbia lakini maneno yao bado machache.

Mwongozaji aliinama mbele yake na kamera, akamuuliza, "Ukiwa hapa kazini, unawaza nini kuhusu watoto wako?"

Mama Mapacha hakuinua macho. "Nikiwaza," alisema, "nitajiponda kidole."

Wenzake waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Kwenye hedifoni nilisikia jiwe lake likisita kidogo, kisha likaendelea.

Jambo ambalo sikumwambia mwongozaji ni kwamba kila nilipovaa hedifoni zile, nikasikia mtoto analia popote, hata ng'ambo ya barabara, maziwa yalinitoka. Nilikuwa nimejifunga kitambaa ndani ya shati, lakini kufika adhuhuri kimeloa. Nilikuwa nakwenda nyuma ya gari, nakamua chini kwenye mchanga, nafuta, narudi. Wabanguaji walilijua kabla ya wanaume. Mmoja wao aliniuliza jina la mwanangu, na kuanzia hapo wakaacha kuniita dada, wakaniita mama kwa jina lake. Kila waliponiita nilikumbuka mapipa yaliyolala ubavu.

Asubuhi moja tulipanga kwenda kuwapiga picha watoto kwa bibi. Msimamizi alisema ameshampelekea habari, tusiwe na wasiwasi.

Tulivuka shamba la mihogo mapema, vifaa mabegani. Kitenge kilikuwa mlangoni. Nilivaa hedifoni nikiwa bado njiani, nikaelekeza maikrofoni mbele ili nianze kuwapata watoto kwa mbali, kelele zao, vilio vyao. Sikupata kitu. Niliongeza sauti. Nilisikia majani ya mihogo, hatua zetu, na kuku.

"Hodi!" mwongozaji aliita.

Akainua kitenge. Chumba kilikuwa kitupu. Mkeka umetandikwa, vikombe vya plastiki vimesambaa, kimoja kimepinduka, na kuku wawili wanadonoa uji. Niligusa sufuria. Bado ilikuwa ya moto.

"Labda wamekwenda kuoga," mwongozaji alisema.

"Wapi?" dereva alimuuliza. "Mto uko wapi hapa?"

Nilizunguka nyumba. Jirani alikuwa anatwanga. Nikamwamkia, nikamuuliza kuhusu bibi.

"Ametoka mbio na watoto wote," alisema bila kuacha kutwanga. "Ameelekea mashambani huko, kwenye mikorosho. Nimemwita, hata hakugeuka."

Mwongozaji alitaka tusiseme kwanza, tuwatafute wenyewe, tusiwatie akina mama hofu ya bure. Dereva, mtu mzima asiyesema sana, alikataa. "Watoto wana wenyewe," alisema. "Wenyewe waambiwe." Akaniangalia mimi.

Nilirudi bandani mbio. Nilikusudia kumvuta msimamizi pembeni nimnong'oneze, lakini ule mlio wa mawe ulikuwa mkubwa, na nikalazimika kusema kwa nguvu. Mwanamke aliyekaa karibu na mlango alinisikia. Aliweka jiwe chini. Wa pili yake akaweka. Ukimya ulisogea safu kwa safu hadi mwisho wa banda, na nilipougundua ukimya ule niliogopa kuliko nilivyokuwa nimeogopa kule chumbani.

Kisha wote wakainuka.

"Anayetoka asirudi!" msimamizi alipiga kelele mlangoni, mikono ameitandaza. Nadhani naye alikuwa ameshtuka tu, hakujua la kusema. Mama Mapacha alipita chini ya kwapa lake. Wengine wakamfuata, mikono yao myeupe kwa majivu, khanga zimewalegea viunoni.

Tulitawanyika kwenye mikorosho. Ulikuwa msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, yamedondoka na kuoza chini, harufu kali tamu inapanda puani, na nyuki wamejaa. Kila mama alikuwa anaita wa kwake. Nilikuwa bado nimebeba maikrofoni. Sikujua niiweke wapi. Nilijaribu kuielekeza huku na huku, nikidhani labda itanipatia kilio ambacho masikio hayakipati. Ilinipa njiwa, upepo, na pumzi zangu mwenyewe. Nilizivua hedifoni.

Tuliwakuta kwenye kibanda cha shambani, mbali kidogo na njia. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, ameziba mlango kwa mwili wake, na nyuma yake watoto wamejikunyata, macho tu. Aliweka kidole mdomoni kutunyamazisha.

"Wameshaondoka?" alinong'ona.

"Nani, bibi?" nikauliza.

"Wa serikali. Wanaokuja kukagua watoto."

Ndipo tulipoelewa. Msimamizi alikuwa ametuma neno kwamba watu wa kamera kutoka Dar wanakuja kuwaangalia watoto. Neno likapita mdomo mmoja, likapita wa pili, likamfikia bibi limegeuka: watu wa serikali wanakuja kukagua watoto, na asiye na kibali atanyang'anywa. Bibi hakuwa na kibali chochote. Alikuwa na mkeka na sufuria. Akaona heri awafiche.

Hakuna aliyemgombeza. Akina mama waliingia wakachukua kila mtu wake, wakawafuta makamasi, wakawakagua vichwa na miguu. Mama Mapacha alitoka na mtoto wa kiume kiunoni. Akasimama. Akarudi kuchungulia ndani.

"Mwenzake yuko wapi?"

Bibi alitazama kibandani, akatazama nje, midomo inacheza. "Alikuwa ameshika khanga yangu," alisema. "Huku nyuma. Alikuwa ameshika."

Alijigeuza kutazama nyuma yake mwenyewe, kana kwamba mtoto bado yuko pale ameshikilia.

Sijui kueleza sauti aliyotoa Mama Mapacha. Haikuwa kilio. Alimkabidhi mbanguaji mmoja yule mtoto wa kiume, akaanza kurudi kwa njia ile ile tuliyojia, haraka lakini bila kukimbia, akitazama chini ya kila mkorosho.

Kati ya mashamba na barabara kulikuwa na kisima cha zamani kilichoachwa, mdomo wake umefunikwa kwa matawi makavu. Matawi yalikuwa yamesogezwa. Labda na mbuzi, labda na upepo. Wote tulikiona kwa pamoja. Mama Mapacha aligeuka akatupa mgongo, kiganja mdomoni, majivu yakimbaki mashavuni. Dereva alivua viatu, akalala kifudifudi, akaingiza kichwa. Mwongozaji alimshika miguu. Kamera alikuwa ameiacha chini ya mkorosho, na katika miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kumwona akiiacha chini tena.

Dereva alikaa mle muda mrefu mno. Nilianza kusali, sala zimechanganyika, nasema jina la mtoto wangu badala ya jina la huyu anayetafutwa. Nilikuwa naona nyumba ya mama yangu, mlango wazi, ukingo wa bonde uko pale nyuma ya michungwa, na mwanangu anatambaa kuelekea huko.

"Pakavu," dereva alisema alipotoa kichwa. "Hakuna kitu. Majani matupu."

Mama Mapacha hakugeuka. Aliendelea kwenda, tukamfuata. Njia ilitutoa barabarani, na barabara ikatupeleka stendi. Hapo hofu ilichukua sura nyingine. Magari ya Lindi yalikuwa yanapakia, ya Tunduru yalikuwa yanapakia, makondakta wanavutana na abiria. Mtu yeyote angeweza kupanda na mtoto yeyote, na nani angemuuliza?

Akina mama waliingia kwenye mabasi, wakichungulia chini ya viti. Kondakta mmoja alianza kufoka, alipoambiwa akamwamuru dereva wake azime injini, akasaidia kutafuta.

Ni mama wa vitumbua aliyetuita. Alikuwa amesimama juu ya benchi lake, anapunga mwiko.

"Mtoto wa nani huyu? Nyie mnaohangaika! Mtoto wa nani?"

Mtoto alikuwa chini ya meza, kivulini, ameegemea gunia la unga, kitumbua kila mkono, uso umefutwa vizuri. Mama wa vitumbua alikuwa amemwona anatembea peke yake pembeni mwa barabara, malori yanampita. Alimdaka, akamweka pale, akawa anamuuliza kila apitaye.

Alipomwona Mama Mapacha alimshukia kwa maneno. "Wewe ni mama gani? Mtoto barabarani kama mbwa! Ungemkuta amesagwa ungesema nini? Mnazaa halafu mnaachia Mungu!"

"Sema, dada," Mama Mapacha alijibu. "Sema tu. Ahsante. Sema."

Akapiga magoti, akamvuta mtoto kutoka chini ya meza, akamchapa kofi moja la matako, kisha akamkumbatia kwa nguvu hadi mtoto akalia kwa kubanwa, si kwa kofi. Majivu ya mikono yake yalimchora mtoto mgongo mzima. Mama wa vitumbua alitazama vile vidole vyeusi. Akachota maji, akamnawisha mikono.

Tuliporudi banda lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Wanawake walikaa chini nje, watoto mapajani. Msimamizi alikuwa ndani ya duka. Tulimwona akija dirishani, akitazama, akirudi. Lori la tajiri lilikuwa linatarajiwa, na korosho zilizokwisha kukaangwa zilikuwa zinangoja mikono. Mwishowe alitoka na ufunguo.

"Ingieni," alisema, macho akiyaelekeza pembeni. "Sasa watoto?"

Waliingia nao. Waliwakalisha kwenye kona ya mbali kabisa na pipa, wakapanga magunia yaliyojaa kuwa ukuta, na mama mmoja akaacha kubangua akakaa nao. Wenzake wakawa wanamtilia korosho walizobangua kwenye chombo chake, ili naye asikose ujira.

Mwongozaji aliinua kamera. "Uko tayari?" aliniuliza.

Nilivaa hedifoni. Mtoto mmoja alilia kule konani. Nilizivua.

"Siwezi," nilisema.

Alitazama shati langu, lilikuwa limelowa hadi kiunoni, akatazama chini haraka. "Mpeleke Newala," alimwambia dereva. "Sasa hivi."

Gari lilipanda uwandani taratibu mno, au niliona hivyo mimi. Alasiri ilikuwa imeingia tulipofika. Niliruka kabla gari halijasimama.

Uani hapakuwa na mtu. Mlango wa nyumba ya mama ulikuwa umefungwa kwa nje, kwa kamba ya mkonge iliyozungushwa kwenye msumari. Nilishindwa kuifungua, nikaikata kwa meno.

Mwanangu alikuwa chini, kwenye mkeka, amezungukwa na nguo na mito. Mkononi ana kijiko. Mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa upindo wa khanga, na ncha ya pili ya khanga imefungwa kwenye tendegu la kitanda. Aliponiona alicheka, akataka kuja, khanga ikamrudisha.

"Nani hapo?" sauti iliita nje. Alikuwa jirani, amekaa kwenye kibaraza chake anamenya mihogo, hatua chache tu kutoka dirisha letu. "Aa, ni wewe? Mama yako ameshuka majini. Namsikiliza mimi. Toka asubuhi hajalia hata mara moja."

Nilimfungua, nikamnyonyesha nimekaa sakafuni. Nilikuwa nalia. Alinyonya hadi akalala, na mimi nikabaki nimeangalia alama ya pindo kwenye kifundo cha mguu wake. Ilikuwa hafifu, lakini niliiona.

Mama alifika na ndoo kichwani, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Macho yake yalivutwa na gari, si na mimi. "Mmerudi mapema."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nitue."

Nilimtua ndoo. Halafu nikasema lile nililokuwa nimelikalia. "Umemfunga mwanangu kama mbuzi."

Hakukasirika. Alikaa kizingitini, akajifuta shingo. "Mbuzi hufungwa asile vya watu," alisema. "Huyu nimemfunga asifike jikoni, wala asifike kule." Alionyesha kwa kidevu upande wa ukingo, ambako nchi inakatika ghafla na chini kabisa unaona ukungu wa Ruvuma. "Ulitaka nishuke naye mgongoni, halafu nipande naye na ndoo? Zamani nilifanya. Magoti haya hayataki tena."

"Ungemwacha kwa jirani."

"Jirani naye ana wa kwake wa kuwafunga." Alikung'uta vumbi magotini. "Nawe nilikufunga. Hukujua?"

Sikujua. Nilikuwa mtu mzima mwenye kazi, nimesafiri nchi nzima na maikrofoni nikiwauliza akina mama wengine wanawaacha wapi watoto wao, na sikuwa nimewahi kumuuliza wa kwangu.

"Nilikufunga mpaka ukajifunza kufungua," alisema. "Halafu nikajifunza fundo jingine. Kuna mwenzangu mmoja hakutaka. Alisema ni kumtesa mtoto. Wa kwake alimfuata majini, nyuma nyuma, mama mtu hana habari." Aliinuka, akachukua kata. "Ngoja nichemshe maji. Ulisema yachemshwe."

Sikuuliza kilichompata mtoto yule. Njia ile ya majini niliijua.

Dereva alipomleta mwongozaji Newala nilimsimulia habari za khanga, macho yake yakawaka. Alitaka mama aizungumze mbele ya kamera. Niliogopa kumuuliza, lakini niliuliza.

"Hapana," mama alisema. "Mambo ya ndani hayo. Watu wa Dar watacheka. Lakini waonyeshe njia ya maji. Wakiiona ile, wenye watoto watajua."

Basi tulishuka na kamera. Nilikwenda nyuma ya mama na maikrofoni, mwanangu amebaki na jirani, hajafungwa, kwa siku hiyo moja. Kwenye mkanda ule hamna maneno. Kuna pumzi za wanawake wanaopanda, ndoo zinazogonga mwamba, na mtu mmoja anayeguna kila hatua. Huyo ni mama yangu.

Kazi ya Masasi ilikuwa haijaisha. Nilimwacha tena mwanangu, nikarudi. Ningefanya nini? Bibi alikuwa ameapa kwamba hatachukua mtoto wa mtu maisha yake yote, anakaa tu ndani, hapiki. Aliyemtoa alikuwa Mama Mapacha. Asubuhi alisimama mlangoni pake na watoto wake wawili mkononi, mimi niko nyuma na maikrofoni.

"Shikamoo bibi. Nimewaleta."

"Marahaba. Warudishe. Mimi nimezeeka, nimekupotezea."

"Umewaficha wasichukuliwe," Mama Mapacha alisema. "Angekuwa mwingine angekimbia peke yake. Nitawapeleka wapi, bibi?"

Kitenge kilitikisika. Kisha mkono ulitoka, ukampokea wa kike kwanza.

Filamu ilipokamilika tuliirudisha Masasi, tukaionyesha mchana kwenye kibanda cha video, siku ambayo mwenye kibanda hakuwa na wateja. Walijazana na watoto wao. Walicheka kila walipojiona, wakaitana majina, wakataniana jinsi walivyokaa. Ilipofika pale Mama Mapacha anaposema atajiponda kidole, hakuna aliyecheka. Njia ya maji ya Newala waliitazama vivyo hivyo.

Sitadanganya kwamba filamu ile ilibadili kitu. Msimu uliofuata tajiri aliona faida zaidi kuzipakia korosho ghafi kwenye magunia na kuzipeleka bandarini, akafunga banda. Bibi alifariki miaka michache baadaye; nilipata habari kwa mdomo wa dereva.

Mama Mapacha nilimkuta Tandahimba, msimu wa kununua korosho, anauza chakula karibu na magari ya Mtwara. Mimi nilikuwa napita tu. Hakunijua kwa sura. Nilipomsalimu akaitambua sauti, akapiga makofi, akanikalisha, akanipakulia ugali na samaki kabla hatujaulizana hali. Mapacha wake walikuwa wamempita urefu. Aliwaita waje waniamkie.

"Huyu mnamjua? Alikuwepo siku ile ulipopotea."

Msichana alinitazama kwa haya. Hakukumbuka chochote. Ndugu yake yeye alisema anakumbuka vyote, akaanza kunisimulia: kulikuwa na kisima, na ndani yake nyoka mkubwa, na dereva akampiga nyoka kwa jiwe. Dada yake alicheka hadi akashika meza. Basi moja lilipiga honi likirudi nyuma kuelekea tulipokaa, bado liko mbali, na mama yao, huku anamsikiliza mwanawe na kutikisa kichwa, alinyoosha mkono akamshika yule msichana kifundo cha mkono, akamvuta kwake, akaendelea kumshikilia hadi basi liliposimama.